Vuta, Bana, Usikamatwe: Mwongozo wa Mwalimu wa Kwaya wa Kuchezea Do-Re-Mi

Mwalimu wa kwaya wa Gendabi, chini ya Mlima Hanang, sogea karibu, maana haya hayasemwi kwa sauti ya juu. Jumapili utasimama mbele ya watu ukiwa na kinanda kimoja, spika mbili na kwaya iliyokusanya Wairaqw, Wabarbaig, Wanyaturu wa upande wa Singida na pengine Mgogo mmoja aliyeoa huku. Hapo Wakushi, Waniloti na Wabantu wamepangwa kwenye mstari mmoja wa sauti ya tatu. Ukisema "mi", kila mmoja ataleta mi ya kwao. Kinanda nacho kina mi yake, na hakimsikilizi mtu.

Unaweza kutumia miaka yako yote kuwanyoosha waimbaji wafuate kinanda. Nakushauri uache. Ipo njia fupi, yenye raha na yenye sifa zaidi: ichezee do-re-mi yenyewe. Ivute hapa, ibane pale, mpaka wimbo ukae sawa kwenye makoo uliyopewa, na watu watoke wakisema mwalimu wetu ana sikio. Nitakuonyesha cha kuiba, kiasi cha kuiba na jinsi ya kutokamatwa. Nitakuonyesha pia kwamba wizi huu ni halali, maana kila aliyewahi kutengeneza ala ya muziki ameufanya.

1. Jua unachoiba

Wizi wa muziki hupimwa kwa senti. Oktava moja, kutoka do hadi do ya juu, ina senti 1,200. Kipimo hiki kilienezwa na Mwingereza Alexander Ellis, aliyepima skeli za mataifa mbalimbali na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885. Ellis mwenyewe hakuwa na sikio zuri la muziki. Aliyemsikilizia ni Alfred Hipkins, mtu wa kiwanda cha piano cha Broadwood. Jipe moyo: aliyeieneza rula hii duniani alihitaji sikio la mwenzake. Na wewe mtafute Hipkins wako kwenye sauti ya pili, umkalishe karibu nawe, na umsikilize hata mbele za watu.

Kwenye kinanda, do hadi re ni senti 200, re hadi mi 200, mi hadi fa 100, fa hadi sol 200, sol hadi la 200, la hadi ti 200, ti hadi do 100. Hatua kubwa tano, ndogo mbili. Zinafuatana hivi: kubwa, kubwa, ndogo, kubwa, kubwa, kubwa, ndogo.

Sasa siri yenyewe. Sikio la msharika hushika mfuatano huo kabla halijashika ukubwa wa hatua. Kubwa zikibaki kubwa kuliko ndogo, na zikafuatana vilevile, atasikia do-re-mi na ataimba nawe. Kwa hiyo mfuatano usiuguse. Vipimo ni vyako, jisaidie.

2. Safisha dhamiri kabla ya kuanza

Mwizi mwenye wasiwasi hukamatwa mlangoni. Basi ingia ukijua kwamba kinanda chako kimekutangulia katika kazi hii.

Waimbaji wawili wakishika do na sol mpaka zitulie kabisa, umbali kati yao ni karibu senti 702. Kinanda hutoa 700. Wakishika do na mi zikatulia, umbali ni senti 386. Kinanda hutoa 400, yaani kimeivuta mi juu kwa senti 14 bila kumwomba mtu ruhusa. Sababu ni ya kihesabu. Ukipanda kwa kipimo safi cha do hadi sol mara 12 mfululizo, unapita oktava saba kwa senti 23 na nusu. Ziada hiyo haina pa kukaa. Vinanda vya leo huigawanya kidogo kidogo kwenye noti zote, ili isipatikane noti moja inayobeba aibu yote peke yake.

Fundi wa piano anaiba zaidi. Nyuzi za piano ni ngumu, hivyo milio midogo inayozaliwa ndani ya kila uzi hupanda kupita hesabu. Fundi huifuata kwa sikio, akazishusha noti za besi na kuzipandisha noti za juu kabisa. O. L. Railsback aliuchora mkunjo huo mwaka 1938. Kwenye ncha za piano tofauti hufika takriban senti 30, na ukumbi mzima hupiga makofi. Mwaka 1954 mtafiti W. D. Ward aliwapa watu kazi ya kuweka oktava kwa sikio lao wenyewe, wakaiweka pana kuliko hesabu inavyotaka. Huko Bali, ala za shaba hutengenezwa mbili mbili, moja ikiwekwa juu kidogo ya mwenzake kwa makusudi, ili sauti itetemeke na kuwa hai.

Umeona? Ulimwengu mzima unavuta na kubana. Wewe unaomba tu zamu yako.

3. Chagua upande wa kwenda

Hapa hutahitaji ramani ya Ulaya. Do-re-mi ina mipaka miwili, na yote miwili unaweza kuisikia kwenye ala za jirani zetu.

Mpaka wa kwanza uko Buganda. Amadinda, ile marimba kubwa ya magogo, ina sauti tano kwenye oktava, na umbali kati yao unakaribiana sana, kiasi cha senti 240 kila mmoja. Mwaka 1950 Klaus Wachsmann, aliyekuwa mhifadhi wa Makumbusho ya Uganda, alichapisha vipimo vya kinubi cha Kiganda vilivyoonyesha mgawanyo huohuo wa hatua zinazolingana. Mpaka wa pili uko kusini, kwa Wachopi wa Msumbiji. Timbila zao zina sauti saba kwenye oktava, nazo pia zinakaribia kulingana, kiasi cha senti 171 kila moja. Hugh Tracey aliwaandikia kitabu mwaka 1948, na UNESCO ikazitambua timbila hizo mwaka 2005.

Do-re-mi inaishi kati ya hao wawili. Zivute hatua kubwa, na hatua ndogo zitaminywa. Endelea mpaka ndogo ziishe kabisa, na utabaki na hatua tano za senti 240: umefika Buganda. Rudi, uzibane hatua kubwa, na hatua ndogo zitanenepa. Endelea mpaka zote saba zilingane kwa senti 171: umefika kwa Wachopi. Kinanda chenye 200 na 100 ni kituo kimoja cha njiani. Hakuna aliyekiamuru kiwe makao makuu.

Kumbuka alama za barabarani. Ukielekea Buganda, sol hupanda mpaka senti 720. Ukielekea kwa Wachopi, hushuka mpaka 686. Sol safi ya 702 iko katikati. Sol yako ikivuka alama hizo mbili, umetoka kwenye do-re-mi, na hapo kila mtu atakuona.

4. Wizi wa kwanza: bana hatua kubwa

Anza huku, kwa sababu ndiko kwenye faida ya haraka na hatari ndogo.

Tafuta kinanda chenye ukurasa wa kurekebisha noti moja moja. Vinanda vya bendi vya Yamaha na Korg vilivyotengenezwa kwa ajili ya wapigaji wa muziki wa Kiarabu vinao. Weka do kwenye C, kisha shusha re kwa senti 6, mi kwa 13, pandisha fa kwa 3, shusha sol kwa 3, la kwa 10 na ti kwa 16. Basi. Hatua zako kubwa sasa zina senti 193 na nusu, ndogo zina 116.

Hujabuni kitu cha ajabu. Huu ni mgawanyo wa oktava katika sehemu 31 zinazolingana, ambapo hatua kubwa huchukua sehemu 5 na ndogo huchukua 3. Mwanasayansi wa Uholanzi Christiaan Huygens aliueleza mwaka 1691, na mwenzake wa nchi hiyohiyo, Adriaan Fokker, alihakikisha inajengwa oganoni ya sehemu 31 mjini Haarlem mwaka 1950. Wewe unaipata kwa kubonyeza vitufe.

Sasa piga do-mi-sol na uishike. Mi imekaa kwenye senti 387, karibu kabisa na ile 386 ambayo waimbaji huitafuta wenyewe wanapoachwa bila kinanda. Mtetemo uliokuwa ukisumbua ndani ya kodi, yaani noti hizo tatu zikilia pamoja, umeisha. Sauti ya kwanza itakaa bila kusukuma, besi wataacha kunung'unika, na mzee wa kanisa atakuuliza kama umenunua spika mpya. Mwambie umefanya marekebisho madogo. Huo ni ukweli mtupu.

Mambo mawili tu uyaangalie. Ti imeshuka, kwa hiyo haitavutwa na do kwa nguvu ile uliyozoea. Wimbo unaomalizia kwa ti-do ya kishujaa utapoa kidogo, na unapaswa kuusaidia kwa ngoma. Pili, marekebisho haya yamefungwa kwenye C. Ukihamia kwenye ufunguo mwingine kwa vidole, noti ulizobana zitaangukia mahali pasipo pake. Tumia kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo, na kijaribu nyumbani kwanza kuona kama marekebisho yanahama pamoja nacho. Kanisani si mahali pa majaribio.

5. Wizi wa pili: vuta hatua kubwa

Wimbo wa kuingilia hauhitaji utulivu, unahitaji moto. Hapo geuka uelekee Buganda.

Pandisha re kwa senti 12, mi kwa 24, shusha fa kwa 6, pandisha sol kwa 6, la kwa 18 na ti kwa 29. Oktava sasa imegawanywa sehemu 17. Hatua kubwa ina sehemu 3, yaani senti 212, na ndogo ina sehemu moja tu, senti 71. Mi imeisogelea fa hadi inaigusa bega, na ti imeisogelea do vivyo hivyo. Wimbo unaopanda kwa sauti moja utang'aa. Kila mwimbaji atajiona ana sauti kali kuliko alivyodhani, na hilo peke yake litakuongezea watu mazoezini.

Sharti lake ni moja: usipige kodi. Mi yenye senti 424 ikishikwa pamoja na do kwa muda mrefu itakwaruza, na mkwaruzo huo hata aliyelala atausikia. Waimbe sauti moja, wanawake juu na wanaume oktava ya chini, ngoma na makofi vijaze nafasi. Kodi ziwekee akiba wimbo wa sadaka, ukiwa umerudi kwenye wizi wa kwanza.

6. Usimsahihishe Mgogo

Katika kila kwaya ya ukanda huu kuna mwimbaji anayeambiwa kila wiki kwamba sauti yake iko chini. Kabla hujamwambia tena, uliza kwao ni wapi.

Muziki wa Wagogo, jirani zetu wa Dodoma, umejengwa juu ya milio inayozaliwa ndani ya sauti moja: wa nne, wa tano, wa sita, wa saba na kuendelea hadi wa tisa au wa kumi. Ndivyo ilimba zao zinavyowekwa sauti, na ndivyo wanavyoimba. Hukwe Zawose, aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003, aliipeleka sauti hiyo kwenye majukwaa ya dunia bila kuipiga pasi. Sasa, mlio wa saba uko senti 969 juu ya do. Noti ya kinanda iliyo karibu nao ni 1,000. Mwimbaji wako akiimba 969, yuko mahali halisi, panaposikika na kupimika. Kinanda ndicho kiko senti 31 juu yake.

Mtumie basi. Mpe mstari wa kuanzisha, mwambie mpiga kinanda aondoe mikono kwenye mistari minne ya kwanza, na kwaya iingie kwa kumfuata yeye. Hatua zake kubwa hazilingani pia: kutoka mlio wa nane hadi wa tisa ni senti 204, kutoka wa tisa hadi wa kumi ni 182. Ndiyo maana wimbo wake unapumua. Ukimnyoosha, utapata sauti moja zaidi ya kawaida na utapoteza sauti iliyokuwa ya kwenu peke yenu. Hiyo ni hasara, na nakuomba kwa dhati usiifanye.

7. Azima Zanzibar, kwa uangalifu

Kuna wizi mmoja unaougusa mfuatano wenyewe, nami nakuruhusu kwa sababu una heshima ya zaidi ya miaka 100. Katika karne ya 19 Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga ala ya kanuni. Mwaka 1905 kilianzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na mwaka 1928 Siti binti Saad akarekodi santuri zake Bombay. Pamoja na taarabu zikaja maqamu za Kiarabu, ikiwemo rasti, ambayo mi yake hukaa karibu na senti 350, katikati ya mi ya furaha na mi ya huzuni.

Shusha mi na ti kwa senti 50, mengine yaache. Re-mi na mi-fa sasa zina senti 150 kila moja: kubwa imebanwa, ndogo imevutwa, zimekutana. Mpe mwimbaji mmoja tu mwenye sauti ya kuzungukazunguka, asindikizwe na do na sol, bila kodi nyingine yoyote. Itumie kwenye wimbo wa toba. Watu watainamisha vichwa, na hakuna atakayejua ulichofanya isipokuwa mgeni kutoka Unguja, naye atakuja kukushika mkono.

8. Ukitaka makubwa, iguse oktava

Mpaka hapa tumeiacha oktava na senti zake 1,200. Mwizi mwenye tamaa huivuta nayo.

Chukua hatua ndogo uipe senti 107 badala ya 100, na kubwa 214. Mfuatano ni uleule, lakini do ya juu inatua kwenye senti 1,284. Ukipiga hivyo kwa sauti ya kawaida ya oganoni, oktava italia kama imeumizwa. Sasa sikiliza hila. Mwaka 1966 John Pierce, mhandisi wa maabara za Bell, alionyesha kwamba ukiitengeneza sauti yenyewe kwa kompyuta ili milio yake ya ndani iifuate skeli, kodi zisizo za kawaida hutulia. William Sethares akaja baadaye na kulifanyia kazi jambo hilo kwa kina: ukiivuta milio ya ndani kwa kiasi kilekile ulichoivuta oktava, ile iliyoumia inapona. Sauti na skeli zinavutwa pamoja, na sikio linakubali.

Unaweza pia kubana. Gary Morrison ametumia hatua za senti 88. Ukizipanga 12 kwa mfuatano wa do-re-mi, do ya juu inatua kwenye 1,056. Wendy Carlos, katika albamu yake ya mwaka 1986, alitumia skeli zake za alfa na beta, zenye hatua za senti 78 na 64 hivi, na hakuna hata moja inayotua sawasawa kwenye oktava. Mjerumani Heinz Bohlen, na Pierce yuleyule baada yake, waliiacha oktava kabisa wakagawanya umbali wa do hadi sol ya oktava ya pili, senti 1,902, katika hatua 13.

Programu ya Scala ya Manuel Op de Coul hutolewa bure, nayo itakuandalia skeli yoyote kati ya hizi kwa kinanda cha kompyuta. Lakini nisikilize: kwaya usiiingize humu. Milio ya ndani ya koo la mtu hufuata hesabu kamili, na haivutwi kwa kitufe. Oktava iliyovutwa ni ya kompyuta, ya kengele na ya dakika mbili za utangulizi kabla ya igizo la Krismasi. Piga, washangae, funga kompyuta, rudi kwenye 1,200.

9. Mkishuka, shukeni pamoja

Kwaya isiyo na kinanda hushuka. Walimu huona aibu, wakaanza kuwalaumu besi. Acha kuwalaumu, kwa maana mara nyingine wanashuka kwa sababu wanaimba vizuri mno.

Mwitaliano Giovanni Battista Benedetti alilionyesha hili katika barua zilizochapishwa mwaka 1585. Imbeni kodi za do, la, re, sol, kisha mrudi do, kila mtu akishikilia noti aliyonayo na kuzilinganisha nyingine nayo kwa usafi kamili. Mkifika, do yenu iko senti 21 na nusu chini ya mlikoanzia. Hakuna aliyekosea. Rudieni mara tano na mmeshuka zaidi ya nusu tone.

Fanya hivi. Chagua: ama mi safi na ufunguo unaoteremka, ama ufunguo uliosimama na mi yenye vumbi kidogo. Kwa wimbo wa beti tatu, chagua mi safi, na umwambie mpiga kinanda kwa macho makali asithubutu kuingia kwenye beti ya mwisho. Kinachowaumbua watu ni kinanda kinachorudi kikiwa nusu tone juu. Kwa wimbo wa beti nane, kinanda kiguse do kwa upole mwishoni mwa kila beti. Na wafundishe kuitikia kama umati unavyoitikia slufay ya Wairaqw, mzee akiongoza dua na wengine wakimjibu kwa mkupuo. Watu mia wakiingia pamoja, hakuna anayeuliza senti.

10. Andaa utetezi wako

Ipo siku atakuja mgeni, pengine jaji wa mashindano ya kwaya, mwenye programu ya kupimia sauti kwenye simu. Atakuonyesha kioo chenye rangi nyekundu. Usitetemeke.

Mfungulie daftari lako la nota. Mbinu ya sol-fa tunayoitumia ilianzishwa na Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, na John Curwen akaieneza katika karne ya 19. Imeandikwa d, r, m, f, s, l, t. Mwombe akuonyeshe ni wapi pameandikwa kwamba m ina senti 400. Hatapaona. Karatasi imesema mi ije baada ya re na kabla ya fa, na yako imekuja hapohapo. Kisha muulize ile programu yake imewekwa kwa kipimo gani. Itakuwa kipimo cha kinanda, na kinanda, kama ulivyokwisha kujua, kimeivuta mi kwa senti 14.

Lakini utetezi huu unamfaa tu aliyejipanga. Ukiwa umeiacha kwaya iende kila mtu na lake, nyekundu ni nyekundu. Tofauti ya mwizi mwema na kwaya mbovu ni kwamba mwizi mwema anaweza kurudia. Beti ya kwanza na ya tatu zikiwa na mi ileile, hiyo ni skeli. Zikiwa na mi mbili tofauti bila sababu, rudi mazoezini Jumatano.

11. Andika ulichoiba

Hii ndiyo hatua walimu wengi huiruka, na ndiyo ninayokusihi zaidi. Nyuma ya kila nota, andika vipimo vyako: re chini 6, mi chini 13, na kadhalika. Andika nani alianzisha wimbo na kinanda kilinyamaza wapi. Wimbo wa mama wa Kibarbaig au wa mzee wa Kiiraqw ukiingia kwenye kwaya yako, urekodi kwa simu kabla hujautafutia kodi, kisha upime hatua zake kama zilivyo. Mara nyingi tunafanya kinyume: tunautafutia kodi, kodi zinaunyoosha, na baada ya miaka 20 hakuna anayekumbuka ulivyokuwa.

Vituo vingi kati ya Buganda na Wachopi bado havijaandikwa na mtu yeyote, na baadhi yake vinaimbwa chini ya Mlima Hanang. Kinanda chako kimetengenezwa na watu ambao hawajawahi kuvisikia, kwa hiyo hakiwezi kukusaidia kuvitunza. Daftari linaweza. Sifa ya Jumapili chukua wewe, umeifanyia kazi. Vipimo waachie watakaokuja baada yako, wakajue kwamba mi ya Gendabi iliwekwa mahali pake kwa kukusudia.